Gertrude Elion na Dawa Iliyomtambua Adui Wake

Utangulizi

Katika historia ya tiba ya karne ya 20, ni nadra kumpata mtu mmoja ambaye jina lake linahusishwa na dawa za saratani ya damu, ugonjwa wa jongo, upandikizaji wa figo na malengelenge yanayosababishwa na virusi vya hepesi. Gertrude Belle Elion, mwanakemia wa Marekani, alikuwa mtu wa aina hiyo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1988 ilhali hakuwahi kukamilisha masomo ya uzamifu. Wasifu huu unaangazia maisha yake, hasa mchango wake katika ugunduzi wa asiklovia, dawa ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya hepesi. Aidha, unabainisha jinsi masharti ya kuitumia dawa hiyo kwa usalama yanavyotokana na yale yaliyogunduliwa kuhusu utendakazi wake. Mgonjwa anayeelewa sababu ya sharti hulifuata kwa urahisi kuliko yule aliyeamrishwa tu.

Kuzaliwa na Malezi

Elion alizaliwa tarehe 23 Januari 1918 katika jiji la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi. Babake, aliyetoka Lithuania, alikuwa daktari wa meno. Mamake alitoka eneo la Poland lililokuwa chini ya himaya ya Urusi. Msukosuko wa soko la hisa wa mwaka 1929 uliifilisi familia hiyo, na lau si Chuo cha Hunter, kilichowafundisha wasichana wa jiji hilo bila karo, huenda safari yake ya elimu ingekatika mapema.

Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake, ambaye walikuwa wamependana mno, alifariki kutokana na saratani ya tumbo. Kijana huyo alimwona mzee akidhoofika hospitalini pasi na tiba ya kumfaa. Mwaka huo huo, 1933, alijiunga na Chuo cha Hunter na akachagua kusomea kemia kwa nia ya kukabiliana na maradhi ya aina hiyo. Alihitimu mwaka 1937 kwa alama za juu kabisa, akiwa na umri wa miaka 19.

Milango Iliyofungwa

Mafanikio ya darasani hayakumfungulia mlango wowote. Aliomba nafasi zenye ufadhili katika vyuo 15 na vyote vikamkatalia. Kazi zilikuwa adimu wakati huo wa mdororo wa uchumi, na zile chache zilizokuwapo katika maabara hazikutengewa wanawake. Katika mahojiano mamoja alielezwa kwamba uwepo wake ungewavuruga wanaume kazini. Akajiunga na chuo cha ukatibu kwa majuma 6, akafundisha wauguzi kwa miezi mitatu, kisha akafanya kazi katika maabara ya mwanakemia mmoja bila malipo ili asiusahau ujuzi wake. Baadaye mwanakemia huyo alimlipa dola 20 kwa juma.

Kwa akiba hiyo ndogo aliingia Chuo Kikuu cha New York mwaka 1939. Alikuwa mwanamke pekee katika darasa lake la kemia. Mchana alifundisha katika shule za upili, na usiku pamoja na siku za mapumziko akafanya utafiti wake. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1941. Mwaka huo huo mauti yakamfika tena karibu. Mchumba wake alifariki kutokana na maambukizi ya bakteria kwenye moyo, miaka michache tu kabla ya penisilini kuanza kupatikana. Elion hakuolewa katika aushi yake. Vifo hivi viwili vilimpa funzo ambalo hakulisahau: kuna wagonjwa wanaokufa kwa sababu dawa yao haijavumbuliwa bado.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwaondoa wanaume wengi kwenye maabara za Marekani na kuwafungulia wanawake nafasi. Hata hivyo, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kupima ukali wa achari na rangi ya kiini cha yai kilichotumika kutengenezea mayonezi katika kampuni ya vyakula. Alipohisi kwamba hakuna jipya la kujifunza, aliondoka.

Katika Maabara ya Tuckahoe

Mwaka 1944 Elion aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, huko Tuckahoe, katika jimbo la New York, kama msaidizi wa mwanakemia George Hitchings. Wakati huo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: maelfu ya kemikali yalijaribiwa hadi mojawapo ikaonyesha dalili ya kufaa. Hitchings aliamini kwamba ipo njia bora zaidi. Kila seli inayozaana sharti itengeneze DNA, na DNA hujengwa kwa viungo vichache, vikiwemo vile vinavyoitwa purini. Iwapo mwanakemia atatengeneza kiungo bandia kinachofanana na kile halisi, seli ya adui itakichukua ikidhani ni chakula na kukwama. Elion alikabidhiwa jukumu la kuzichunguza purini.

Jioni alisafiri hadi Brooklyn kusomea shahada ya uzamifu. Baada ya muda akaambiwa achague: ama aache kazi asome kutwa nzima, ama aache masomo. Alichagua maabara. Uamuzi huo ulimwumiza, na kwa miaka mingi hakuwa na hakika kwamba alitenda jambo la busara.

Matunda yalianza kuonekana. Mwaka 1951 alikuwa ameshatengeneza merkaptopurini, na kufikia mwaka 1953 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani kutibu saratani ya damu kwa watoto. Kabla yake, watoto wengi waliougua waliishi miezi michache tu. Dawa hiyo haikuwaponya kabisa. Wengi walipata nafuu kisha ugonjwa ukarejea. Elion alihuzunishwa sana na wagonjwa waliorudiwa na maradhi. Baadaye, ilipochanganywa na dawa nyingine, ikawa sehemu ya tiba inayowaponya watoto wengi.

Kutokana na utafiti huo ilizaliwa azathioprini, iliyowezesha upandikizaji wa figo kutoka kwa watu wasio na uhusiano wa damu kuanzia mwaka 1962, na alopurinoli ya kutibu jongo. Maabara hiyo ya Hitchings pia ilitoa pirimethamini ya malaria na trimethoprimu ya bakteria. Majina haya ni mageni kwa wengi Afrika Mashariki, lakini dawa zenyewe si ngeni. Pirimethamini imo ndani ya Fansidar, iliyokuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini Kenya tangu mwaka 1998 hadi ilipoachiwa nafasi na dawa za mseto katika muongo uliofuata. Trimethoprimu nayo imo ndani ya Septrin.

Asiklovia

Mwaka 1967 Elion aliteuliwa kuwa mkuu wa idara, na mwaka 1970 kampuni ikahamia jimbo la North Carolina. Kipindi hicho ndipo aliporejea kwenye swali aliloliacha tangu mwaka 1948, alipogundua kwamba mojawapo ya purini zake iliweza kuvidhuru virusi.

Wataalamu wengi waliamini kwamba dawa salama ya virusi haiwezekani. Bakteria ni kiumbe kinachojitegemea, na dawa inaweza kukilenga. Virusi huingia ndani ya seli ya binadamu na kuitumia mitambo yake kuzaana. Kumpiga adui aliyejificha nyumbani mwako ni kuhatarisha nyumba nzima. Dawa chache zilizokuwapo zilikuwa na sumu kali.

Elion na wenzake, akiwemo mwanakemia Howard Schaeffer, walitengeneza viungo bandia vya aina mpya. Sampuli zilipelekwa Uingereza, ambako John Bauer alizijaribu dhidi ya virusi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wameipata asiklovia, dawa iliyovizuia virusi vya hepesi vikali huku ikiziacha seli za kawaida karibu bila madhara. Elion aliiongoza timu yake kutafuta sababu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977 na 1978.

Siri ilikuwa hii. Asiklovia inapoingia mwilini huwa imelala. Ili iamke, sharti iongezewe fosfeti, na hatua ya kwanza ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ambacho virusi vya hepesi hujitengenezea vyenyewe. Seli isiyoambukizwa haina kimeng'enya hicho, kwa hivyo dawa hupita humo ikiwa bado imelala. Katika seli iliyoambukizwa, virusi vyenyewe huiamsha. Kisha seli huikamilisha, nayo hujipachika kwenye mnyororo wa DNA ya virusi na kuukatiza. Vipimo vilionyesha kwamba kiasi cha dawa iliyoamka katika seli zilizoambukizwa kilikuwa mara 40 hadi 100 zaidi ya kile cha seli zisizoambukizwa. Adui alikuwa anaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Nchini Marekani, dawa ya kupaka na ile ya kudungwa mshipani ziliidhinishwa mwaka 1982, na vidonge mwaka 1985. Athari kubwa zaidi ilionekana kwa wagonjwa ambao virusi hivi vilikuwa vimeingia ubongoni. Bila tiba, takriban 7 kati ya kila 10 walifariki. Asiklovia ilipoanza kutumiwa, idadi hiyo ilishuka hadi kati ya 2 na 3.

Dawa na Mtumiaji Wake

Usalama ambao Elion na wenzake waliujenga ndani ya dawa haumwondolei mgonjwa wajibu. Kila sharti la matumizi lina mzizi wake katika utendakazi ulioelezwa hapo juu.

Kwanza ni wakati. Asiklovia huamshwa tu na virusi vinavyozaana. Kwa hivyo mgonjwa wa malengelenge ya mdomoni au ya sehemu za siri hufaidika zaidi akianza dawa anapohisi mwasho na mchomo, kabla malengelenge hayajapasuka. Kwa mkanda wa jeshi, unaosababishwa na virusi vya jamii hiyo hiyo, inashauriwa dawa ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vijitokeze. Kwa sababu iyo hiyo, dawa haimalizi ugonjwa. Baada ya shambulio, virusi hurudi kulala ndani ya neva, na virusi vilivyolala haviiamshi dawa. Anayedai kuwa na tiba ya kuing'oa hepesi kabisa anamhadaa mgonjwa. Wanaoshambuliwa mara kwa mara huweza kuandikiwa dozi ya kila siku ili kupunguza mashambulio.

Pili ni mpangilio wa dozi. Sehemu ndogo tu ya kidonge, takriban asilimia 10 hadi 20, ndiyo huingia kwenye damu, na kiasi kilichomo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 3 hivi. Ndiyo maana mgonjwa wa mkanda wa jeshi huandikiwa miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7. Ratiba hii ni ngumu, lakini kuruka dozi ni kuwapa virusi nafasi ya kupumua. Aliyesahau ameze anapokumbuka; ikiwa dozi inayofuata imekaribia, aiache ile iliyopita wala asimeze maradufu. Mwaka 1995 iliidhinishwa valasiklovia, ambayo hugeuka kuwa asiklovia mwilini na hufyonzwa vizuri zaidi, hivyo humezwa mara chache kwa siku.

Tatu ni figo. Sehemu kubwa ya dawa hutolewa kwa mkojo ikiwa haijabadilika. Ikizidi, huweza kuganda na kuwa chembe ngumu ndani ya figo. Mgonjwa anatakiwa kunywa maji ya kutosha, na muuguzi anayeidunga mshipani huipitisha polepole kwa muda wa saa moja. Wazee na wenye maradhi ya figo hupunguziwa dozi. Ni muhimu mgonjwa amweleze daktari au mfamasia dawa nyingine anazotumia, zikiwemo za maumivu kama ibuprofeni na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, kwani zipo zinazoitaabisha figo hiyo hiyo. Kichefuchefu, kuumwa na kichwa na kuhara ni madhara ya kawaida na aghalabu huwa madogo. Mkojo kupungua, kuchanganyikiwa au kuona mambo yasiyokuwapo ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitalini.

Nne ni hali maalum. Mjamzito mwenye hepesi amfahamishe mkunga au daktari mapema, hasa ikiwa ni shambulio la kwanza na siku za kujifungua zimekaribia, kwani mtoto mchanga akiambukizwa anaweza kufa. Uzoefu wa miaka mingi haujaonyesha kwamba asiklovia huongeza kasoro za kuzaliwa, kwa hivyo hofu ya dawa isiwe sababu ya kunyamaza. Kwa wenye kinga dhaifu, virusi huweza kubadilika na kuacha kukitengeneza kile kimeng'enya. Dawa hukosa wa kuiamsha na vidonda havifungi. Mgonjwa wa namna hiyo arudi kwa daktari badala ya kujiongezea vidonge.

Mwisho ni mipaka ya dawa yenyewe. Mtu anaweza kumwambukiza mwenzake hata wakati hana kidonda. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwapa asiklovia watu wenye hepesi na virusi vya UKIMWI kwa pamoja. Vidonda vya sehemu za siri vilipungua sana, lakini wenzi wao hawakukingwa dhidi ya virusi vya UKIMWI. Vilevile, si kila kidonda ni hepesi. Kaswende nayo huleta kidonda, na tiba yake ni tofauti kabisa. Anayeazima vidonge vya jirani kwa sababu ya haya anaweza kuuacha ugonjwa mwingine ukue. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuzo na Machweo

Elion alistaafu mwaka 1983, lakini hakuondoka. Watafiti waliofunzwa katika idara yake walishiriki kuikuza AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI kuidhinishwa, mwaka 1987. Yeye mwenyewe alihudumu katika kamati za Shirika la Afya Duniani kuhusu maradhi ya nchi za joto, na akaongoza ile iliyoshughulikia dawa za malaria.

Mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza. Mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wavumbuzi wa Marekani. Vyuo vikuu vingi vilimpa shahada za heshima, kikiwemo kile cha Brooklyn alichokuwa amelazimika kukiacha. Hata hivyo, barua za wagonjwa na jamaa zao ndizo alizozithamini kuliko nishani. Alipenda opera, upigaji picha na kusafiri, na alitumia miaka yake ya mwisho kuwaelekeza wanafunzi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Duke. Alifariki tarehe 21 Februari 1999 huko North Carolina, akiwa na umri wa miaka 81.

Hitimisho

Maisha ya Elion yanadhihirisha kwamba kunyimwa cheo si kunyimwa akili, na kwamba swali lililoulizwa kwa subira huweza kujibiwa baada ya zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, kazi ya dawa haikomi maabarani. Inamalizikia nyumbani kwa mgonjwa, penye kikombe cha maji na pakiti iliyoandikwa Aciclovir au Acyclovir, ambayo mara nyingi maelezo yake yako katika lugha asiyoielewa vyema. Mwanamke huyu aliifunza dawa kumtambua adui. Kumfunza mgonjwa kuitambua dawa ni jukumu la wengine, na sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha: istilahi zilizo wazi, tafsiri sahihi, na maelezo ya Kiswahili ambayo mama aliyeko kijijini anaweza kuyasoma na kujua ameze lini, kiasi gani, na wakati gani amwendee daktari. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana shamba hapa ambalo bado halijalimwa.